Dema la Dodoma

Baba yangu alipoingia kwenye ule mgahawa hakutazama meza wala watu, alitazama juu. Darini, katikati ya kamba za katani na vijimashua vya kuchonga, walikuwa wametundika dema. Ndani yake wametia taa, na mwanga ulikuwa unapenya kwenye matundu na kuchora vivuli vya pembe sita ukuta mzima. Alisimama pale mlangoni, kofia mkononi, mpaka watu waliokuwa nyuma yetu wakatuomba njia.

"Hili limeshaingia baharini," alisema. "Tazama pale chini, magamba yamegandia. Yale huyapati nchi kavu."

Tulikuwa Dodoma. Kutoka pale hadi Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, ni kama kilomita 450 kwa barabara. Baba alikuwa ametoka Pangani kwa basi hadi Dar, akalala kwa shangazi, na asubuhi akapanda treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kuniona tangu ofisi yetu ihamie huku mwaka 2019 na mimi nikahama nayo. Nilikuwa nimempangia jioni hiyo kwa wiki nzima. Nilitaka ale samaki mahali ambapo mimi hukimbilia nikizidiwa na hamu ya nyumbani.

Kwa msiokulia pwani: dema ni mtego wa kusuka kwa fito za mianzi, mpana kuliko meza ya chai, na mlango wake umeingia kwa ndani kama mfereji unaozidi kuwa mwembamba. Samaki huingia akifuata chambo, kisha kutoka hajui. Unalizamisha kwenye nyasi za bahari au kando ya mwamba, unalikandamiza kwa mawe, kesho yake unarudi kuliopoa. Baba amesuka madema tangu hajaota ndevu. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havinyooki tena, kwa sababu ndivyo vinavyobana fito wakati kingine kinapitisha. Nikiwa darasa la tatu nilikuwa nalala kwa mlio ule wa mwanzi ukikunjwa barazani.

Akamuuliza kijana aliyekuja kutupokea, "Hili mmelinunua bei gani?" Kijana hakujua. Alimwamkia kwanza, "Shikamoo mzee," kisha akasema lilikuwepo alipoanza kazi. Baba akaitika marahaba, akaketi, akaliangalia tena. "Sijui mwenyewe aliacha kuvua, au aliliuza ana njaa," akasema, na hakuwa anazungumza na yeyote.

Niseme wazi kwamba naupenda mgahawa ule. Najua wapo wanaoona kumwaga mchanga sakafuni na kutundika nyavu ukutani katikati ya nchi ni kupoteza pesa. Mimi siku ya kwanza nilipoingia, mwezi wa tatu tangu nihamie, nilivua viatu, nikazika vidole mchangani, nikaagiza maji tu, na nikakaa saa nzima. Nje kulikuwa na lile vumbi la Dodoma na upepo wake mkavu unaopasua midomo. Ndani kuna mtu alikuwa amefikiria jinsi ya kumfanya mgeni akumbuke bahari. Viti vya kamba, tanga kuukuu limetandwa kama paa, harufu ya nazi na mkaa. Watoto wanachimba mashimo chini ya meza na hakuna anayewakemea. Wako wengi mji huu ambao hawajawahi kuona bahari kwa macho yao, na Jumapili wanaleta watoto wao pale wavae kandambili na wale ngisi. Sioni cha kudharau hapo.

Lakini Baba aliinama, akachota mchanga, akausugua kwa kidole gumba. Mchanga wa bahari una vipande vya makome ndani yake, ni laini, na ukikauka unateleza wote. Huu ulikuwa mnene, umeelekea wekundu, na ulimetameta. "Wa mtoni," alisema. Nami nilijua hivyo siku zote. Dodoma mchanga unachotwa kwenye makorongo, ile mito inayojaa siku chache za masika na kukauka mwaka mzima. Sikuwahi kujali. Akaurudisha taratibu, akapangusa mkono kwenye kanzu.

Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya kisiwa chenye minazi. Hiyo aliipenda. Alimwonyesha kijana: "Maziwe ilikuwa hivi, ila miti yake mivinje." Maziwe ni kisiwa cha mbele ya Pangani. Kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na Baba alikikuta kikiwa na kivuli ambapo wavuvi walipika na kulala, na kasa walipanda kutaga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Leo ni fungu la mchanga tu, maji yakitoka unaliona, maji yakijaa linapotea. Mimi nalijua hivyo hivyo, fungu. Sikuwahi kumsikia akilizungumza kama kisiwa mpaka alipokutana na picha ile ya rangi ya mafuta.

Menyu ikaja. Nilikuwa nimeshaamua kumwagizia ile sahani ninayoipenda, iliyoandikwa "Samaki wa Baharini", minofu kwenye tui la nazi, shilingi 28,000. Na pweza. Na changu mzima wa kuchoma, ili mezani pajae.

"Samaki wa baharini," Baba alisoma kwa sauti. "Samaki gani?"

Kijana akasema, "Ni samaki, mzee. Mnofu."

Hapo inabidi nisimame kidogo, kwa sababu swali lile ndilo lililonifanya niandike haya. Nyumbani hakuna mtu anayekula "samaki". Mama akinituma pwani jioni nikatazame kama vyombo vimeingia, nilirudi na jina. Wametoka na tasi. Wametoka na vibua. Leo kolekole, lakini wakubwa, wanakatwa vipande. Jina ndilo lililompa Mama habari zote: akune nazi au asikune, awashe kuni nyingi au chache, amwite jirani au tutakula wenyewe. Vibua ni wa kukaangwa wakauke, uwavunje kwa mkono na ugali. Tasi hupakwa chumvi na ndimu akachomwa vivyo hivyo, na mnofu wake una ladha ya yale majani anayokula. Nguru anakatwa vipande vya mviringo, anapakwa tui zito na ukwaju. Pono ana mnofu mlaini mno, ukimchelewesha anaharibika, kwa hiyo pono analiwa siku ile ile, na mtu anayekuletea pono amekuheshimu. Papa na taa wanakaushwa kwa chumvi, wanangojea siku ambazo upepo wa kusi umechafua bahari na vyombo havitoki.

Jina pia linakwambia nani alikwenda na kwa nini. Tasi wametoka demani, kwa hiyo ni Baba au mwenzake. Jodari ni watu wa mishipi waliokwenda mbali nje ya miamba. Dagaa ni watu wa taa, walikesha. Ukifuta jina ukaandika "samaki", wote hao umewafuta.

Kisha akaulizia pweza. "Huyu kavuliwa lini? Maana mwezi leo una siku tisa tangu uandame." Kijana akanitazama mimi. Nikamweleza: pweza wa pwani yetu huchokolewa na watu wanaotembea juu ya mwamba kwa miguu, wanawake wengi wakiwemo, na mwamba unakauka vizuri siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Mwezi wa siku tisa ni maji mafu, bahari haijai sana wala haitoki sana, mashimo ya pweza yamefunikwa. Mgahawa unaouza pweza kila siku ya mwezi basi unamtoa kwenye friza. Kijana akakubali mara moja, ndiyo, yuko kwenye friza. Baba akatikisa kichwa, ameridhika. Hakuwa anatafuta kosa. Isitoshe friza humsaidia pweza: barafu inakata nyuzi za nyama yake, akiyeyuka anakuwa laini, na mpishi hahitaji kumpigapiga jiweni kama tunavyofanya sisi. Alipokuja, na pilipili mbuzi na ndimu, alikuwa mtamu kweli.

Ule mnofu ulikuja kwenye chungu kidogo cha udongo, tui linachemka pembeni. Mweupe, mnene, hauna mwiba hata mmoja. Baba alikata kwa kijiko, akatia mdomoni, akatafuna polepole, kisha akaweka kijiko chini.

"Huyu hajaonja chumvi," alisema.

Nilidhani anamlaumu mpishi, nikamsogezea kidau cha chumvi. Akakataa kwa mkono. "Chumvi ya mchuzi iko sawa. Nasema yeye mwenyewe, huyu samaki. Hajawahi kukaa maji ya chumvi."

Kijana wa kuhudumu alikuwa amesimama karibu, trei mkononi. Aliangalia kuelekea kaunta, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, huyo ni sangara. Wa kwetu. Mimi mtu wa Ukerewe, kule ziwani."

Nilijisikia vibaya kwa namna ambayo hata sasa naikumbuka. Miaka yote ile nilikuwa nakula sahani hiyo nikiwa na hamu ya Pangani, na machozi yalishanilenga mara moja au mbili juu ya chungu kile kile. Sangara nampenda, ni samaki mzuri. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akala wengi aliowakuta mle, kisha akajenga viwanda Mwanza, Musoma na Bukoba vinavyosafirisha minofu hadi Ulaya. Watu wamesomesha watoto kwa sangara. Kutoka Mwanza hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, na sangara anaufikia mji huu akiwa njiani. Nilichotaka ni kuambiwa tu. Menyu iliandika baharini.

Baba hakukasirika hata kidogo. Alimvutia kijana kiti. Kijana akakataa kuketi, yuko kazini, lakini akaegemea kiti kile na trei yake, na maswali yakaanza. Mnamvua kwa nini, nyavu au ndoano? Yote mawili, nyavu za makila na ndoano zilizopangwa kwenye kamba ndefu. Chambo? Samaki wadogo. Anafika ukubwa gani? Kijana akaonyesha kwa mikono mpaka trei ikamponyoka. Akamweleza habari za mabondo, lile puto la hewa lililo tumboni mwa sangara, ambalo linakaushwa na kuuzwa hadi China, na kilo yake ina bei kuliko kilo ya mnofu. Baba alishangaa mpaka akacheka. "Sisi tunatupa," alisema. Kisha akaula ule mnofu wote, mpaka mwisho, akajipangusa. Alikuwa anakula sangara sasa, anajua anakula nini.

Mimi nilikwenda kaunta. Msimamizi ni dada mmoja mwenye adabu, tunafahamiana kwa sura. Nikamwambia bila ukali kwamba ile sahani haitoki baharini. Hakukana. Alisema wateja wa Dodoma wanataka mnofu usio na miba, hasa wenye watoto. Wa baharini wakubwa wa kukata minofu, kina nguru na kolekole, bei yao hapa juu inapanda mno, na siku nyingine hawapatikani. Yote hayo kweli. Nikamwambia basi andika sangara wa Mwanza, kwa herufi kubwa, uweke na picha ya ziwa ukutani. Tena hapo hapo mlangoni mnalo Bwawa la Mtera, mnawapita perege wake kila siku sokoni; mchomeni, mwandikeni. Watu watamla kwa fahari. Mteja anayejua changu atamwagiza changu na atalipa, kwa sababu atakuwa anakuamini. Alisikiliza, akaandika kitu kwenye karatasi. Hakuniahidi, na menyu nilipokwenda juzi ni ile ile. Nitaendelea kumwambia.

Changu ndiye aliyekuja wa mwisho. Mzima, kichwa na mkia, amechomwa juu ya mkaa, ngozi imepasuka pale walipomchanja. Nilikuwa na wasiwasi. Baba aligeuza sahani, akainua kifuniko cha shavu kwa ncha ya uma, akatazama. Moto unaficha mengi lakini si yote. Kisha akabonyeza mnofu karibu na uti wa mgongo, akautoa kipande kimoja. Ulitoka mzima, kama ukurasa. Akanionyesha ule mfupa: mweupe, umenyooka, hauna doa la damu.

Najua alichokuwa anakitafuta. Pwani ya Tanga tulikula samaki wa baruti kwa miaka mingi, wengine bila kujua. Bomu la chupa linapopasuka majini, samaki haumii nje. Macho safi, magamba yote yapo. Ukimpasua ndipo unakuta uti wa mgongo umevunjika, tumbo limejaa damu, na ukimpika mnofu unavurugika kama uji, hauachii mfupa. Tukiwa shule ya msingi tuliusikia ule mlio asubuhi, kishindo kizito kinachotoka chini, na mwalimu alinyamaza kidogo kisha akaendelea na hesabu. Baba hakuwahi kununua wala kuleta nyumbani samaki yule. Alimpasua kwanza. Kila samaki, hata wa kupewa. Mwamba mmoja uliokuwa umemlisha yeye na babu yake uligeuka kifusi kabla mimi sijamaliza darasa la saba, na ndiyo maana kaka zangu wawili wanaendesha bodaboda. Baadaye serikali iliwabana, na kuanzia kama 2017 au 2018 mlio ukawa nadra, wazee wakaanza kusema tasi wanarudi. Lakini ile tabia ya kutazama mfupa imebaki kwake.

"Wa mshipi au wa dema huyu," alisema. "Mzuri. Nani kamleta?"

Kijana akaenda kuuliza jikoni akarudi na jibu kamili, na niliona alifurahi kuwa na jibu. Mpishi ana mtu wake Feri, pale Kivukoni. Huyo anakwenda mnadani alfajiri, ananunua changu na tasi kutoka kwa wavuvi anaowajua, anawapaa na kuwatoa matumbo pale pale, kisha anawapanga kwenye deli, tabaka la barafu, tabaka la samaki, barafu tena juu. Deli linapanda basi la usiku. Asubuhi mpishi yuko stendi analingojea, kwa sababu likikaa juani nusu saa kazi yote imeharibika. Mara mbili kwa wiki. Akikosa changu mzuri, changu anafutwa kwenye menyu siku hiyo.

"Mwambie mpishi ahsante," Baba akasema. Kisha akabadili mawazo, akainuka mwenyewe, akatembea pekupeku juu ya ule mchanga wa korongo mpaka kwenye dirisha la jikoni, akampa mpishi mkono. Sikuyasikia waliyozungumza. Nilimwona mpishi akionyesha juu, kwenye dema, na Baba akionyesha kwa vidole vyake viwili visivyonyooka jinsi mlango wake unavyofumwa.

Walipokaribia kufunga tukatoka nje. Kijana alikuwa amemaliza zamu, akatusindikiza hadi barabarani kutusaidia kupata bajaji. Julai Dodoma usiku una baridi, Baba alijifunika shuka langu. Mbingu ilikuwa nyeupe, mwezi umeshapita utosi, unaelekea magharibi.

"Kwenu mnavua dagaa?" Baba akamuuliza.

"Sana, mzee. Kwa taa. Baba yangu ndiyo kazi yake."

"Na mwezi kama huu?"

"Leo watasubiri uzame kwanza, ndiyo watoke. Ukishakuwa mpevu kabisa hawaendi, wanaanika nyavu."

Baba akautazama ule mwezi, akapima kwa mkono umbali wake hadi kwenye mapaa ya nyumba, kiganja kimoja, viwili, vitatu, kama alivyokuwa akifanya barazani kwetu.

"Saa saba," akasema. "Saa saba watatoka. Na wa kwetu pia."